Wasia, Radhi na Ukimya: Sauti ya Mama katika Utendi wa Mwana Kupona na Baada Yake

Ikisiri

Uhakiki mwingi wa Utendi wa Mwana Kupona umezunguka swali moja: je, utendi huu unamtiisha mwanamke kwa mumewe, au unamwachia upenyo wa kujinasua? Makala haya yanadai kwamba swali hilo limeuweka kando uhusiano ulio msingi wa matini yenyewe, yaani uhusiano wa mama na binti. Utendi unasomwa hapa kama tamko la mama mwenye mamlaka ya kusema, kisha unalinganishwa na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert pamoja na riwaya mbili, Rosa Mistika na Utengano. Inaoneshwa kuwa katika kazi hizo za baadaye mama anaendelea kutukuzwa au kuhurumiwa, lakini haki yake ya kusema imepungua, na kupungua huko kuna sehemu kubwa katika yanayowapata mabinti.

Utangulizi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kila aliyewahi kufundisha riwaya ya Kiswahili anajua jinsi methali hii inavyorudi katika kazi za wanafunzi wanapojadili wahusika kama Rosa na Maimuna. Binti ameharibikiwa, kwa hiyo mama hakufunza, na ulimwengu umefanya kazi yake. Hoja inakamilika kwa sentensi mbili na mwanafunzi anaendelea na swali la pili. Kinachopita bila kuhojiwa ni dhana iliyobebwa na methali yenyewe: kwamba mama anayo nafasi ya kufunza, kwamba akisema atasikilizwa, na kwamba ndani ya nyumba hakuna mwenye uwezo wa kumnyamazisha. Methali haisemi lolote kuhusu mama aliyezuiwa.

Ipo matini moja katika fasihi yetu ambamo dhana hiyo inatimia kwa ukamilifu. Nayo ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika lahaja ya Kiamu mwaka 1275 wa Hijria, sawa na 1858 hivi, na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mama alikuwa mgonjwa na alifariki yapata miaka miwili baadaye. Utendi huu umechapishwa na kuhaririwa mara kadhaa, na wasomaji wengi wa leo wanaujua kupitia Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi (1999). Umejadiliwa sana. Hata hivyo, katika mijadala hiyo mtu anayezungumziwa zaidi ni mume.

Jinsi mama alivyogeuzwa kuwa mke

Alice Werner na William Hichens walipoutoa utendi huu kama kitabu mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza linalousema kuwa ni mawaidha ya Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Jina hilo si kosa la tafsiri. Sehemu kubwa ya utendi inahusu kweli jinsi mke anavyopaswa kuishi na mumewe. Lakini wenyeji wa kazi hii hawakuiita hivyo. Waliiita kwa jina la aliyeitunga, kama alivyoitwa nyumbani kwake. Jina moja linamweka mama mlangoni. Jina jingine linamweka mlangoni mume wa binti, mtu ambaye katika utendi hana jina wala neno. Uhakiki uliofuata uliingilia mlango huo wa pili.

Kutoka hapo zimezuka kambi mbili. Ya kwanza inauona utendi kama kilele cha itikadi ya mfumodume wa miji ya pwani: mwanamke anaambiwa kuwa hatima yake Siku ya Kiyama imo katika kauli ya mumewe. Ya pili, ambayo Ann Biersteker (1991) ndiye mwakilishi wake anayetajwa zaidi, inatutaka tutazame upya lugha na mamlaka katika matini, na inaacha wazi uwezekano kwamba baadhi ya maagizo yana kejeli ndani yake. Hoja ya Biersteker imetusaidia mno, kwa kuwa imetuzuia kuuchukulia utendi kama orodha ya amri. Lakini usomaji wa kejeli unakutana na kikwazo kimoja ambacho sidhani kinaweza kurukwa. Msemaji ni mtu aliye kitandani, anayejiona karibu na kaburi, anayeanza kwa jina la Mungu na kumalizia kwa dua ndefu. Kumfanyia kejeli Mola katika wasia ni jambo ambalo utanzu wenyewe hauliruhusu. Tukitaka kuona nguvu ya mwanamke katika utendi huu, hatuhitaji kuitafuta chini ya maneno. Imo katika maneno yenyewe, mradi tukumbuke ni nani anayeyasema na anamwambia nani.

Wino, karatasi na kidani

Tuanze na mandhari ya ufunguzi. Mama anamwita binti asogee karibu. Anamweleza kuwa maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima na hakupata wasaa wa kumwambia neno jema. Anamtaka aje na wino na karatasi, akae, kwa maana moyoni mna jambo la kumweleza. Mandhari haya yamepitiwa haraka na wahakiki wengi kama utangulizi wa kawaida wa tenzi, ambamo mtunzi huagiza vifaa vya kuandikia. Ni kweli kuwa ni desturi ya utanzu. Lakini kwa kawaida agizo hilo hupewa mwandishi asiye na uhusiano na habari yenyewe. Hapa anayeagizwa wino ndiye anayeusiwa. Binti anakuwa mwandishi, msomaji wa kwanza na mrithi kwa wakati mmoja, na mama anachukua kwamba binti huyo anaweza kalamu. Katika Siyu na Pate ya katikati ya karne ya 19, familia za waungwana ziliwafundisha baadhi ya mabinti kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu, na utendi huu ni ushahidi wa elimu hiyo kabla ya kuwa ushahidi wa kitu kingine chochote.

Baada ya hapo mama anamwahidi binti vitu viwili: hirizi ya kuifunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani atakachomtungia mwenyewe. Kitenzi ni kimoja, kutunga. Shanga hutungwa na shairi hutungwa. Kwa msomaji wa Kiswahili hapahitajiki maelezo marefu: kidani ndicho utendi, na hirizi ndiyo maneno yatakayomkinga mvaaji mama akishaondoka. Katika familia za pwani vito ni mali ambayo mama humpa binti mkononi, na hubaki mali ya binti hata ndani ya ndoa. Mwana Kupona anayaweka maneno yake katika fungu hilo la mali.

Kuna jambo dogo la kiisimu ambalo nadhani lina uzito kuliko linavyopewa. Mara kadhaa mama anamwita binti yake kwa neno "mama". Desturi hii ingali hai katika Kiswahili cha leo, na mzazi anayembembeleza au kumwonya mtoto wa kike humwita hivyo pasipo kufikiri. Lakini ndani ya wasia, ambapo mwenye jina hilo yumo mbioni kulivua, neno linapata kazi nyingine. Binti anaitwa kwa cheo atakachorithi. Na jambo hilo linaandaa sehemu inayofuata, ambayo ndiyo kitovu cha utendi.

Radhi tano

Mwana Kupona anamfundisha binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano ili apate raha ya dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha anaiacha minne ya kwanza na kuieleza ya tano kwa kirefu. Kambi ya kwanza ya wahakiki inaona hapa ushindi wa mume. Mimi naona pia swali la nani aliyeipanga orodha. Radhi katika fikra za Waswahili ni kitu kinachotolewa na aliye juu kwa aliye chini, na kinaweza kuzuiwa. Mama aliyekosewa anaweza kufa na radhi yake. Msemaji wa utendi ni mmoja wa hao watano. Anaposema habari za radhi ya mume, tayari anatumia uwezo wake mwenyewe wa kutoa radhi au kuizuia, na binti anajua hivyo. Mume wa baadaye atapata utiifu wa Mwana Hashima, ikiwa ataupata, kwa sababu mama ameuagiza.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama ile sehemu iliyozua mjadala mkubwa zaidi, ambamo mama anaelekeza kwamba mume atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Wapo walioicheka na wapo walioikemea. Nionavyo, hakuna cha kucheka. Mama anayefundisha hana mfano mwingine wa utunzaji alio na uhakika nao kuliko ule wa mama na mtoto, na anautumia kuielezea ndoa. Mke anafundishwa kuwa mama wa mumewe: ajue kiingiacho na kitokacho, amlinde usingizi, amtengenezee mwili na nguo, asimbughudhi. Kwa tafsiri hii cheo cha juu kabisa ndani ya nyumba, hata mbele ya mume anayeombwa radhi, kinabaki kuwa cha mama. Simaanishi kuwa mfumodume umepinduliwa. Mtoto asiyenena anaweza bado kuwa mtawala wa nyumba nzima, na kila aliyelea anajua.

Mwana Kupona anamalizia fundisho kwa ushahidi wa maisha yake. Aliishi na baba wa binti kwa furaha bila kuvunjiana heshima. Ilipofika faradhi ya mauti, mume alimkaririra radhi zake. Na tangu siku hiyo hajanyamaza kilio. Mume huyo alikuwa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, mtu aliyeongoza upinzani wa mji wake dhidi ya Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840. Katika utendi hakuna vita. Hakuna Zanzibar, hakuna majeshi, hakuna mji uliozingirwa. Mtu ambaye historia inamkumbuka kwa upanga, mkewe anamkumbuka kwa kicheko na kwa maneno ya mwisho. Uchaguzi huo ni wa mtunzi, na unaonesha ni nini mama anaona kinafaa kurithishwa.

Haifai, hata hivyo, kumpamba Mwana Kupona. Sauti yake ni ya tabaka. Anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, na heshima anayoifundisha inasimama juu ya migongo ya watu ambao hawana wasia katika kumbukumbu zetu. Jambo hili linagusa pia mgawanyo wa kazi ya malezi. Katika jamii za Waswahili mafunzo ya ndani kabisa ya ndoa hayakuwa ya mama. Yalikuwa ya somo au kungwi, kwa kuwa haya ilisimama kati ya mama na binti. Masimulizi ya maisha yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel mjini Mombasa, yaliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1989, yanamweka Mishi wa Abdala, mzawa wa familia iliyowahi kuwa utumwani, katikati kabisa ya ukungwi, na Kaje wa Mwenye Matano, mwanamke wa familia ya kiungwana, upande mwingine wa jamii ile ile. Mwana Kupona anagusa udi, manukato, wanja na hina, kisha anasimama. Asichokisema kina mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda ni mwanamke ambaye utendi umemwambia binti asizoeane naye. Umama katika nyumba ya kiungwana haukuwa wa mtu mmoja. Mmoja alipata wino, mwingine hakuupata.

Baba anaposhika kalamu

Karibu miaka tisini baadaye Shaaban Robert anaandika Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, kazi inayosomwa pamoja na Maisha Yangu. Mama wa watoto wake, Amina, alikuwa amefariki, na baba ndiye aliyebaki na deni la kuusia. Ulinganifu na utendi wa Siyu ni dhahiri: bahari ileile, mwito uleule kwa binti, mada zilezile za dini, adabu, usafi na ndoa. Sitaki kuingia katika suala la nani alimwiga nani. Wasia wa tenzi ulikuwa mali ya wote.

Tofauti ndiyo inayovutia. Baba anaposema habari za utiifu wa mke, anasema kama mtu wa jinsi ile itakayotiiwa. Hawezi kujitoa mwenyewe kuwa ushahidi jinsi Mwana Kupona alivyofanya, kwa sababu hakuwahi kuwa mke. Anafidia upungufu huo kwa hekima ya jumla, na hekima ya Shaaban Robert ni pana, lakini ni hekima inayomfaa kila mtu, na kwa sababu hiyo inamgusa binti kwa mbali kidogo. Utendi wa Mwana Kupona una mwili: una maradhi, machozi, uzi wa hirizi. Utenzi wa Hati una kanuni.

Ni Shaaban Robert huyo huyo aliyetupa taswira mashuhuri ya lugha ya Kiswahili kama titi la mama, taswira iliyorudiwa katika hotuba za lugha hata imechakaa. Imekuwa fahari yetu na sina haja ya kuiondoa. Ila inafaa kuona inachofanya: inamtukuza mama kwa kiungo ambacho hutoa maziwa na hakitoi maneno. Lugha ni ya mama, lakini anayeisema katika shairi ni mwana.

Regina, Tamima na Farashuu

Tunapofika riwaya ya miaka ya 1970 na 1980, mama mwenye wino ametoweka. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Regina ndiye anayeibeba nyumba huku Zakaria akinywa. Anajua yanayowapata mabinti zake kabla ya mtu mwingine. Lakini barua ya kijana inapogundulika, anayetoa hukumu ni Zakaria, na fimbo ndiyo lugha yake. Rosa anapokwenda masomoni anachukua kutoka nyumbani hofu ya baba, na hofu hiyo haina la kumwambia pale baba asipoonekana. Uhakiki umemlaumu Zakaria, na ni haki. Lakini ukimya wa Regina si wa kimaumbile, wala si upungufu wa mapenzi. Ana la kusema; hana mahali pa kulisemea. Riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda kwa madai ya kukiuka maadili ilikuwa, kwa sehemu kubwa, inaeleza kilichotokea pale mafunzo ya maadili yalipoachiwa mtu asiyeyaweza.

Said Ahmed Mohamed anakwenda mbali zaidi katika Utengano (1980). Maimuna anafungiwa ndani na Bwana Maksuudi, na mama yake, Bi Tamima, amefungiwa pamoja naye. Huu ndio undani wa jambo: mlinzi na mfungwa ni watu wawili tu, Maksuudi upande mmoja na wanawake wote upande wa pili. Mama na binti wako katika chumba kimoja mchana kutwa, kama walivyokuwa Mwana Kupona na Mwana Hashima, lakini hakuna wasia unaozaliwa humo, kwa kuwa mama naye anasubiri ruhusa. Siku ukuta unapopenywa, Tamima mjamzito anapigwa na kuachwa, na Maimuna anaingia ulimwenguni mikono mitupu. Anayetaka kuitumia methali yetu hapa anapaswa kwanza aeleze ni saa ngapi Tamima alikuwa huru kufunza.

Aliyeupenya ukuta huo ni mama mwingine. Bi Farashuu anaingia nyumbani mwa Maksuudi kama mkunga, yaani kwa cheti cha umama, akiwa na jeraha la binti yake Mwanasururu, ambaye Maksuudi alimwangamiza. Wahakiki wengi humweka Farashuu katika kundi la wahusika wa hila na kumwacha hapo. Kwangu yeye ndiye mama mwenye nguvu kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili ya kipindi kile. Hana binti wa kumwusia. Aliyekuwa naye amekufa. Kilichobaki cha umama wake ni kumbukumbu na kisasi, naye anavitumia kwa subira ya mtu anayetunga shanga. Msiba ni kwamba kisasi hicho kinampata Maksuudi kwa kumpitia Maimuna, binti wa mama mwenzake, ambaye hakumkosea lolote. Mwandishi hamwachii Farashuu nafasi ya kutolijua hilo: wakati wa kurudi unapofika, Maimuna anaolewa na Kabi, mjukuu wa Farashuu mwenyewe, na nyumba iliyobomolewa kwa mkono wake inamrudia kama ukwe.

Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), aliwaleta wanawake jukwaani kuisimamisha nguzo yenye jina la mama, na nguzo haikusimama. Tamthilia hiyo imeshughulikiwa vya kutosha kwingineko. Ninaitaja kwa sababu moja: wanawake wa Patata wanasema sana. Wanabishana, wanasutana, wanapanga. Sauti wanayo, ila kila mmoja anamsemea mwenzake aliye sawa naye, na hapana aliye na radhi ya kutoa. Mwana Kupona alikuwa na binti mmoja mbele yake, wino mezani, na haki ya kusikilizwa ambayo hakuna aliyeihoji. Mwishoni mwa utendi aliwageukia pia wanawake wengine, akawataka nao wayasome maneno yale, kana kwamba haki ya kumwusia mmoja ilitosha kumpa haki ya kuwausia wote. Muhando aliandika kwa ajili ya wanawake hao hao, wakiwa wamepewa azimio, mikutano na kamati, bila kidani.